Tuna laki na themanini na nia ya kupambana na njaa. Tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo dada. Sisi ni vijana tisa wa Charambe, Mbagala, wa kike na wa kiume. Wengi tumemaliza kidato cha nne, wawili wako chuo, mmoja anaendesha bodaboda. Kila mmoja anachanga shilingi elfu moja kwa wiki, na sasa mfuko wetu una shilingi 180,000. Tunataka kufanya kitu kuhusu njaa na umaskini duniani. Wazo letu ni kuchapisha fulana na kupeleka chakula kwenye kituo cha watoto yatima tarehe 16 Oktoba, Siku ya Chakula Duniani. Ila mzee mmoja wa mtaani alituambia, "Nyie wenyewe hamna kitu, mtamsaidia nani?" Neno lile limetuvunja nguvu. Je, ana haki? Na kama hana, tufanye nini chenye maana kwa hela hii ndogo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na wasalimie wenzako wanane. Nianze na neno la mzee, maana naona ndilo lililowauma. Hana haki. Mimi nimesomea lishe na nimeifanya kazi hiyo kwenye halmashauri kwa miaka mingi, lakini nikitaka kujua ni nyumba ipi mtaani kwenu jana imelala na chai ya rangi, simuulizi msomi mwenzangu. Namuuliza kijana wa genge. Yeye ndiye anayejua nani alikuwa ananunua unga kilo na sasa ananunua robo, na nani ameanza kuomba aandikiwe kwenye daftari la madeni. Ujuzi huo ninyi mnao tayari, na hakuna mtaalamu atakayeushusha kwa ndege.

Mpango wa Oktoba, hata hivyo, nawaomba muuache. Tarehe 16 Oktoba inakumbuka kuanzishwa kwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945, na ni siku nzuri ya kukumbushana. Lakini fulana tisa zenye maandishi zinaweza kula zaidi ya nusu ya mfuko wenu kabla mtoto yeyote hajaonja kitu. Na kituo mtakachokwenda huenda siku hiyo kikapokea wageni wengine wenye mchele na soda, kisha tarehe 17 hakuna anayepiga hodi. Njaa hurudi kila siku, saa nne asubuhi na saa saba mchana. Kinachoipunguza ni kile kinachorudi kila siku kama yenyewe.

Sasa tuelewane njaa yenyewe iko wapi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2025 inakadiria kwamba watu milioni 673 duniani walikuwa na njaa mwaka 2024. Kwa dunia nzima idadi imeshuka kidogo, hasa kwa hatua zilizopigwa Asia na Amerika ya Kusini. Kwetu Afrika imepanda: watu zaidi ya milioni 307, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Na watu wapatao bilioni 2.6 hawamudu gharama ya mlo kamili, hata kama tumbo limejaa.

Ukisikia namba hizo, haraka unafikiri chakula ni kichache. Mwanauchumi Amartya Sen wa India alikuwa mtoto mdogo wakati njaa ya Bengal ya mwaka 1943 ilipoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu. Alipokuja kuichunguza ukubwani, alionyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vyote vile. Bei zilipaa wakati wa vita, na vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo wakashindwa kununua kilichokuwepo. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, na uchambuzi wake wa njaa ulikuwa miongoni mwa kazi zilizompa heshima hiyo.

Hapa Dar es Salaam jambo hilo unaliona kwa macho. Nenda soko la Tandale uone magunia ya mahindi na maharage yalivyopangwa hadi darini. Nenda soko la Stereo alfajiri malori yanaposhusha nyanya, au la Mabibo ndizi zinapoingia. Chakula kipo. Kisha rudi Charambe jioni ukae kwenye duka la Mangi uangalie wanaonunua. Mama anayelipwa kwa siku hanunui mfuko wa unga wala lita ya mafuta. Ananunua unga robo, mafuta ya kupima, nyanya fungu moja, dagaa wa mia tano. Pigeni hesabu ya vile vipimo mtaona kwamba kilo anayoinunua kwa robo robo inamgharimu zaidi ya kilo ya mwenye gari anayebeba kiroba kizima. Asiye na hela ndiye anayeuziwa ghali, na siku mtoto akiugua malaria ile hela ya unga inakwenda dukani kwa dawa. Hapo ndipo njaa na umaskini vinapokutana, na huwezi kukiondoa kimoja ukakiacha kingine.

Kuna na njaa isiyolia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, kwa asilimia 57 hivi, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa ambako ni karibu nusu ya watoto. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha sisi wa Dar: nyanya za Ilula, viazi vya Njombe, mahindi ya Rukwa. Mama anashinda shambani, mtoto anaachwa na uji mwepesi asubuhi na ugali jioni, mboga ni ile ile, maziwa na mayai yanauzwa, kuhara kunakuja na kuondoka. Mtoto aliyedumaa hafanani na yule wa kwenye mabango ya misaada. Anacheza, anacheka, ni mfupi tu kwa umri wake. Hasara imejificha kwenye ubongo na kwenye afya yake ya baadaye, na sehemu kubwa imetokea ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi anapotimiza miaka miwili. Kwa hiyo msimwamini mtu anayewaambia kwamba tukilima zaidi basi tumemaliza.

Babu na bibi zenu waliwahi kulishughulikia hili kwa mikono yao. Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975, baada ya ukame na uhaba mkubwa wa chakula, ikaja Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka na kazi ya kufanya kijijini kwao. Halafu mwaka 1983 ukaanza mpango wa lishe mkoani Iringa ukisaidiwa na WHO na UNICEF. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujiuliza: huyu amepungua kwa nini? Mama yake ana mzigo gani? Nani amsaidie? Utapiamlo mkali ulishuka sana katika vijiji vile. Kwamba leo Iringa inaongoza kwa udumavu kunaonyesha jinsi kazi hii isivyotaka kukatika. Lakini namna yao ya kwenda naipenda kuliko mikakati mingi iliyofuata, na ninyi naomba muifuate: pimeni kwanza, kaeni mjiulize sababu, fanyeni kidogo, rudini kupima.

Mkiniuliza mimi mfanye nini hasa, nawaambia chagueni shule moja ya msingi ya kutwa, iliyo karibu nanyi, mshughulike na chakula cha mchana cha watoto wasiolipiwa.

Nieleze ninachokiona kwenye shule za namna hiyo. Serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni mwaka 2021, na mzigo wa chakula chenyewe kwenye shule za kutwa upo kwa wazazi. Mchango ni wa hiari kwa makubaliano ya kikao, na mtoto haruhusiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Hilo ni jema. Lakini nenda saa ya chakula. Sufuria la makande linafunuliwa, mwalimu wa zamu anashika daftari, waliolipiwa wanapanga foleni na sahani zao za plastiki. Wasiolipiwa hawafukuzwi. Wanajiondoa wenyewe. Wanakwenda upande wa bomba kunywa maji, au wanakaa nyuma ya darasa wakichora chini kwa kijiti hadi kengele ilie. Darasa la saba wanajifanya hawana njaa. La kwanza hawajui kujifanya, wanasimama karibu na jiko wanatazama. Baada ya chakula wote wanaingia darasani pamoja, na mwalimu anashangaa kwa nini wale watatu wa nyuma wanasinzia kwenye hesabu.

Hesabu ya sahani moja ni hii. Kwa makande, mtoto wa shule ya msingi mpangie gramu 120 za mahindi yaliyokobolewa na gramu 30 za maharage. Watoto 100 ni kilo 12 za mahindi na kilo 3 za maharage. Bei inapanda na kushuka, kwa hiyo ninyi nendeni Tandale mkaulize, lakini tuseme mahindi ni shilingi 1,000 kwa kilo na maharage 3,000. Hiyo ni 12,000 na 9,000, jumla 21,000, sawa na shilingi 210 kwa mtoto. Ongezeni mafuta, chumvi, kitunguu, gesi na posho ya mpishi, mfikie 350. Kwa siku 20 za masomo ni shilingi 7,000 kwa mtoto kwa mwezi.

Angalieni sasa mfuko wenu. Laki na themanini inawabeba watoto watano kwa miezi mitano, na chenji inabaki. Na ninyi tisa mnaochanga elfu moja kila wiki mnaingiza 36,000 kwa mwezi, hela inayowatosha watoto wale wale watano bila kugusa akiba. Mtaniambia watano ni wachache mno mbele ya milioni 673. Wale watano watakula kila siku ya shule, Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka mzima, na hakuna kituo ambacho ziara yenu ya siku moja ingefanya hivyo.

Namna ya kulifanya ni muhimu kuliko kiasi. Msichague watoto ninyi. Mwambieni mwalimu mkuu na kamati ya shule kwamba mnalipia sahani tano za wasiojiweza, na majina yabaki kwa mwalimu wa chakula peke yake. Ninyi msiyajue, na watoto wasiambiwe nani kawalipia. Waandikwe kwenye daftari lile lile na foleni ile ile. Msiwapige picha na sahani mkononi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha na utu wa mtoto, na hata kama isingekuwepo, mtoto wa Charambe anasoma na wenzake wenye simu. Picha ya leo atachekwa nayo mpaka kidato cha nne. Hela msimpe mtu mkononi. Lipeni kwenye akaunti au namba rasmi ya shule, mchukue risiti, na kila mwezi mmoja wenu aende saa ya chakula, bila taarifa, aone sufuria. Angalieni na nafaka na maharage yakoje: yakiwa na matundu ya wadudu au mahindi yana ukungu, semeni pale pale. Ukungu si wa kuchekea. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Jambo la jiko nalo mliulize mapema. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa, na shule nyingi zimekwama hapo: chakula kipo, jiko la gesi hakuna. Ikiwa shule yenu imekwama kwenye jiko, basi jiko ndiyo kazi yenu ya kwanza, na mchango wenu ukusanywe kwa ajili hiyo pamoja na wafanyabiashara wa Rangi Tatu. Mfanyabiashara mwenye duka la vyombo anaelewa ombi la kitu kimoja chenye bei yake. Ombi la "kupambana na njaa" hajui alipe wapi.

Kitu kingine mnachokiweza, na hakina gharama, ni utepe wa kupima mkono. Mitaa mingi ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kazi zao ni nyingi kuliko miguu yao. Ombeni kuongozana nao. Utepe unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, na mtoto huyo anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mama anasema anakula vizuri. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, anafuatiliwa. Bodaboda wenu ana kazi hapo. Nimeona watoto wakichelewa siku tatu nne kwa sababu ya nauli tu, na kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali siku tatu ni nyingi sana.

Nahofia kwamba baada ya kusoma haya mmoja wenu atapendekeza mtengeneze unga wa lishe muuze. Kila kikundi cha vijana ninachokutana nacho kina wazo hilo: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, vyote kwenye mashine moja, halafu pakiti yenye picha ya mtoto mnene. Nawasihi msianze na hilo. Kuchanganya kila nafaka na kila jamii ya kunde hakuongezi ubora. Kunapunguza, kwa sababu vinaiva kwa muda tofauti na vingine vinazuia madini ya vingine kutumika mwilini. Karanga iliyosagwa inaharibika haraka na ndiyo rafiki mkubwa wa sumukuvu. Mtoto wa miezi saba hawezi kusema kwamba unga wenu una shida, anaugua tu. Mama mfundisheni kupika uji wa nafaka moja, mzito, kisha aongeze karanga mbichi iliyosagwa siku hiyo, au maziwa, au yai, au dagaa waliosagwa. Mkitaka kweli biashara ya kusindika chakula, anzieni SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kwa mafunzo, na bidhaa ipitie TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kumfikia mteja wa kwanza.

Sasa kuhusu mifuko yenu ninyi wenyewe, maana hapo mzee alikuwa na kijipande cha ukweli: mtu asiye na kipato hachangi muda mrefu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha watu watano kinaweza kuomba, na ninyi ni tisa. Mtu wa kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Atawaeleza masharti ya umri yaliyopo sasa, katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko la mradi. Msiandike mradi wa kufurahisha wakubwa. Andikeni kile ambacho mmoja wenu tayari anakifanya na kinauzika: mchicha na matembele kwenye eneo lenye maji, kuku, kubeba mzigo kutoka Stereo kuja kwa mama ntilie wa Rangi Tatu. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu nne, kwa hiyo hela inaonekana mapema na makosa pia yanaonekana mapema.

Wakati mnasubiri, kaeni mbali na mikopo ya kausha damu. Najua inavyovutia, unapewa hela leo bila maswali. Nimeingia nyumba ambazo watoto wamedhoofu, nikidhani tatizo ni elimu ya lishe, kumbe mama anaamka kila asubuhi akiwa na rejesho la siku mbele ya uji wa mtoto. Godoro limeshachukuliwa, kabati linafuata. Hakuna somo la makundi ya vyakula litakaloisaidia nyumba hiyo kabla ya deni. Kama kikundi chenu kitaweza hata kumkopesha mama mmoja elfu thelathini bila riba ili amalizane na wale watu, mtakuwa mmefanya kazi ya lishe. Ila wekeni maandishi na mashahidi, hata kwa jirani.

Kuna hela nyingine ya umma ambayo vijana wengi hawaijui. Halmashauri zote zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kutoka mapato ya ndani, kwa ajili ya lishe. Jambo hilo linaendana na mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walitia saini mwaka 2017, na mwaka 2022 mkataba mpya ukasainiwa mbele ya Rais utakaofika hadi 2030. Kila halmashauri ina Afisa Lishe. Ninyi ni wananchi wa Manispaa ya Temeke. Mna haki ya kuuliza kwa adabu kabisa: mwaka huu zilitengwa ngapi, zilitoka ngapi, zilifanya nini kwenye kata yetu? Swali hilo likiulizwa na mtu mmoja linasahaulika. Likiulizwa kila robo mwaka na kikundi kile kile chenye daftari, mtu anaanza kuandaa jibu kabla hamjafika.

Msidhani haya ni madogo mno kwa dunia. Brazil mwaka 1993 mwanasosholojia Herbert de Souza, aliyejulikana kwa jina la Betinho, alianzisha harakati ya wananchi dhidi ya njaa. Watu walijiunga kwa kamati ndogo ndogo, za mtaani, makanisani, hata za wafanyakazi wa benki, kila moja ikishughulika na njaa iliyo karibu nayo. Zilikusanya chakula, lakini hazikuishia kwenye chakula. Ziliifanya njaa kuwa aibu ya siasa. Miaka kumi baadaye serikali mpya iliingia na mpango wa kitaifa wa kuondoa njaa. Mwaka 2009 ikapita sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, kwa hiyo sahani ya mtoto ikawa soko la mkulima. Nchi ile ilitoka kwenye ramani ya njaa ya Umoja wa Mataifa mwaka 2014, ikarudi baadaye mambo yalipolegezwa, na mwaka 2025 ikatoka tena. Leo watoto wapatao milioni 466 duniani wanapata chakula shuleni.

Afrika nayo ina ahadi zake. Maputo mwaka 2003 viongozi waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Malabo mwaka 2014 wakaahidi kumaliza njaa ifikapo 2025. Mwaka huo ulifika njaa ikiwa bado ipo, na Kampala, Januari 2025, wakaandika ahadi nyingine ya miaka kumi. Bajeti ya Wizara ya Kilimo hapa kwetu ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na imepita trilioni moja baadaye. Hiyo ni hatua kubwa na naisifu. Wawili wenu walioko chuo wafuatilie kikao cha bajeti Dodoma, wasome hotuba ya waziri yote badala ya vipande vya mitandaoni, wawaeleze wenzao kwa lugha ya kijiweni. Kikundi kinachojua namba hakidanganywi jukwaani.

Na njaa ya vita msiisahau, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua kwa kasi zaidi. Baa la njaa lilithibitishwa kambi ya Zamzam, Sudan, mwaka 2024, na Gaza mwaka 2025, mahali ambapo watu walifungiwa chakula na watu wengine. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kulaani mwaka 2018, kwa azimio namba 2417, kutumia njaa kama silaha. Karibu yetu zaidi, Nyarugusu mkoani Kigoma, wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wamepunguziwa mgao wa chakula mara kadhaa kwa sababu wafadhili wamepunguza fedha. Ninyi hamuwezi kusimamisha vita kutoka Charambe. Mnaweza kukataa maneno ya dharau dhidi ya wakimbizi yanapopita kwenye magrupu yenu ya WhatsApp, na siku mkiwa na cha kutoa zaidi ya sahani tano, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linapokea hata kiasi kidogo kwa njia ya mtandao.

La wiki hii ni hili. Nendeni wawili, msiende tisa, mkamwone mwalimu mkuu asubuhi kabla ya vipindi, mkiwa mmevaa vizuri, mkamuulize watoto wangapi hawali na kwa nini. Kisha mkutano wa mtaa ukiitishwa, hudhurieni wote tisa. Mikutano hiyo huwa ya wazee kwa sababu vijana hawaendi, si kwa sababu wamekatazwa. Ombeni chakula cha shule kiwe ajenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua yenu ikimfikia Mtendaji wa Kata mwezi Mei imechelewa. Iandikeni sasa, ukurasa mmoja, yenye idadi ya watoto wasiokula, hesabu ya sahani na kile ambacho ninyi tayari mnakilipia. Nakala moja kwa diwani, nyingine kwa kamati ya shule, na ya kwenu hakikisheni imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.